Wi-Fi Ikigoma, Jua Tatizo Liko Wapi Kabla ya Kumlipa Fundi

Somo la dijitali kwa wakazi: vipimo vitatu vya dakika chache vinavyoonyesha kama kasoro iko kwenye kipakatalishi, kwenye ruta, kwa kampuni ya intaneti au kwenye tovuti yenyewe.

Chukua mfano huu. Ni saa mbili usiku, tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru. Mama mwenye duka la nafaka amefunga biashara, amewapa watoto chakula, na sasa ameketi mbele ya laptopu aliyoinunua ikiwa tayari imetumika. Anataka kuingia iTax. Alama ya Wi-Fi chini ya skrini inaonyesha kwamba mashine imeunganishwa, lakini tovuti haifunguki. Anajaribu nyingine, nayo inakataa. Mwanawe wa kidato cha tatu anaangalia simu yake na kusema, "Mama, kwangu inashika vizuri. Ni laptopu yako imeharibika."

Mama anampigia fundi simu. Fundi, bila kuiona mashine, anajibu: "Mama, hiyo ni kadi ya Wi-Fi imeungua. Niletee kesho tuibadilishe."

Kesho ni tarehe 1 Julai. Mtu binafsi anayechelewa kuwasilisha ritani hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ikitegemea kiasi kipi ni kikubwa zaidi. Ongeza hapo bei ya kadi na malipo ya fundi, na usiku mmoja wa kutokuwa na intaneti unageuka hasara ya maelfu ya shilingi.

Kadi ya mama huyu haijaungua. Kilichoharibika kinaweza kurekebishwa bure kabla ya saa tatu. Somo hili linaeleza jinsi ambavyo angekigundua mwenyewe.

Kwa nini ujuzi huu ni muhimu

Huduma nyingi ambazo zamani zilihitaji kupanga foleni sasa hupatikana mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa huombwa kupitia eCitizen, mwanafunzi huchagua kozi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS, na nafasi nyingi za kazi na zabuni za umma hutangazwa mtandaoni. Nyingi zina siku ya mwisho, na siku hiyo haisogezwi kwa sababu Wi-Fi ya mtu mmoja imegoma.

Mfereji ukikauka nyumbani, hakuna anayeanza kwa kubomoa ukuta. Kwanza mtu hufungua mfereji wa pili, huchungulia tangi, kisha humuuliza jirani kama yeye ana maji. Intaneti hutafutwa vivyo hivyo: kwa mpangilio, kuanzia karibu kwenda mbali.

Vituo vinne vya safari

Unapofungua tovuti, ombi lako hupita vituo vinne. Cha kwanza ni kipakatalishi. Cha pili ni ruta, kile kisanduku chenye taa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani au ofisini. Cha tatu ni kampuni inayokuuzia intaneti, pamoja na kebo na mitambo yake. Cha nne ni tovuti unayoitaka.

Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayounganisha kituo cha kwanza na cha pili tu. Ndiyo maana mistari yote ya alama ya Wi-Fi inaweza kuwa imejaa na bado usipate chochote: mashine inaongea na ruta, lakini kebo imekatika huko barabarani. Mtu akisema "Wi-Fi imepotea" huenda Wi-Fi yake ni nzima kabisa, na kilichopotea ni intaneti.

Vipimo vitatu

Kipimo cha kwanza: simu kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. Zima data ya simu kwanza, kisha unganisha simu na Wi-Fi na ufungue tovuti ambayo hujaifungua siku hiyo. Hatua ya kuzima data isirukwe. Simu nyingi, zikiona Wi-Fi haina intaneti, huhamia kwenye bando bila kukuarifu. Kijana aliyesema kwake "inashika" huenda alikuwa anakula bando lake, na jibu lake halikuthibitisha lolote kuhusu Wi-Fi ya nyumbani.

Kipimo cha pili: kipakatalishi kwenye hotspoti ya simu. Washa tena data ya simu, fungua hotspoti, na uunganishe kipakatalishi nayo. Sasa umeiacha kando ruta pamoja na kampuni inayoihudumia. Fungua tovuti moja au mbili kisha uzime, kwa sababu kompyuta yenye Windows inaweza kuanza kupakua masasisho na kumaliza bando lako. Ukilazimika kuendelea na hotspoti kwa muda, ingia kwenye mipangilio ya muunganisho huo na uwashe palipoandikwa "Metered connection", ili mashine ipunguze matumizi.

Kipimo cha tatu: tovuti nyingine. Jaribu tovuti tatu zisizohusiana. Ikiwa mbili zinafunguka na moja inakataa, intaneti yako ni nzima. Tovuti hiyo imelemewa au inafanyiwa ukarabati, na hakuna unachoweza kurekebisha nyumbani. Subiri na ujaribu tena, hasa mapema asubuhi.

Matokeo husomwa hivi:

- Simu haipati intaneti kwa Wi-Fi, lakini kipakatalishi kinapata kwa hotspoti: tatizo liko kwenye ruta au kwa kampuni.
- Simu inapata kwa Wi-Fi, na kipakatalishi kinapata kwa hotspoti lakini si kwa Wi-Fi: vifaa vyote ni vizima, ila kipakatalishi na ruta havielewani.
- Simu inapata kwa Wi-Fi, lakini kipakatalishi hakipati kwa Wi-Fi wala kwa hotspoti: tatizo liko ndani ya kipakatalishi.
- Tovuti moja tu inakataa: tatizo liko kwenye tovuti.

Tatizo likiwa kwenye ruta au kampuni

Anza na stima. Kipakatalishi kina betri, kwa hivyo huendelea kuwaka tokeni zikiisha, lakini ruta huzimika papo hapo na jina la Wi-Fi yako hutoweka kwenye orodha.

Kama ruta inawaka, soma taa zake. Kwa wanaotumia faiba, tafuta taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu au kupepesa nyekundu, maana yake ni kwamba mwanga hauifikii ruta kupitia kebo. Angalia kama ile kebo nyembamba imechomoka, imekunjwa kwa pembe kali au imebanwa na mlango. Ikiwa iko sawa, kasoro iko nje ya nyumba na ni kazi ya kampuni. Hakuna kitufe cha kipakatalishi kitakachoitibu.

Kama hakuna taa nyekundu, zima ruta kwenye soketi, subiri nusu dakika, uiwashe tena, kisha uipe dakika tatu ikae sawa. Hatua hii peke yake humaliza matatizo mengi. Hakikisha pia malipo ya mwezi hayajaisha, kwa kuwa muda ukiisha Wi-Fi huendelea kuonekana lakini haifungui kitu.

Onyo: nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo kilichoandikwa "Reset". Usikichokoe kwa kijiti wala sindano. Kukibonyeza hufuta mipangilio yote ya ruta, pamoja na jina la Wi-Fi na nenosiri, na mara nyingine ile iliyowekwa na kampuni wakati wa kuunganisha nyumba. Kuzima na kuwasha ni jambo moja. Kufuta ni jambo lingine.

Ukipiga simu kwa kampuni, waambie ulichokipima: "Taa ya LOS ni nyekundu tangu saa kumi na moja, nimezima na kuwasha, simu na laptopu zote hazipati." Omba nambari ya malalamishi na uiandike. Kampuni ikishindwa kukushughulikia, mteja ana haki ya kupeleka malalamishi kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Nambari hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulianza kwa kampuni.

Kipakatalishi na ruta visipoelewana

Sababu ya kawaida ni nenosiri. Liliwahi kubadilishwa, na kipakatalishi bado kinatumia la zamani. Bonyeza jina la Wi-Fi, chagua "Forget", kisha uunganishe upya kwa kuandika nenosiri polepole. Chunga herufi kubwa na ndogo, na usichanganye herufi O na sifuri.

Sababu ya pili ni bendi. Ruta nyingi za sasa hutangaza Wi-Fi kwa bendi mbili, ya GHz 2.4 na ya GHz 5. Ya 5 ina kasi zaidi lakini hudhoofika haraka inapopita ukuta. Ya 2.4 ni ya polepole lakini hufika mbali zaidi. Vipakatalishi vya zamani huona ya 2.4 peke yake. Ndiyo maana simu mpya inaweza kuona jina la Wi-Fi ambalo laptopu ya miaka mingi haioni kabisa. Ikiwa ruta ina majina mawili, tumia lile la 2.4.

Sababu ya tatu ni mahali. Chuma huzuia mawimbi ya redio, kwa hivyo ukuta wa mabati au kabati la chuma linaweza kuikata Wi-Fi hata ruta ikiwa chumba cha pili. Ukuta mnene wa mawe na tangi la maji navyo hupunguza nguvu. Ruta iwekwe juu, mahali peupe, katikati ya nyumba. Isifichwe nyuma ya televisheni wala kufunikwa kitambaa. Kabla ya kulaumu mashine, ibebe hadi mita mbili kutoka kwa ruta na ujaribu hapo. Ikishika, umeshapata jibu.

Kuna kipimo kimoja zaidi kwa aliye tayari kuandika amri. Kwenye Windows, fungua programu iitwayo "Command Prompt", andika ipconfig, kisha ubonyeze Enter. Tafuta mstari wa anwani ya IPv4 chini ya sehemu ya Wi-Fi. Ikianza na 169.254, kipakatalishi kiliomba anwani kwa ruta na hakikupewa, kikajitungia yake. Zima ruta na uiwashe, usahau mtandao huo na uunganishe upya.

Tatizo likiwa ndani ya kipakatalishi

Angalia kwanza kama hali ya ndegeni imewashwa. Alama ya ndege chini ya skrini ina maana kwamba redio zote zimezimwa. Vipakatalishi vingi vina kitufe cha kuzima Wi-Fi kwenye safu ya juu ya vitufe, chenye picha ya ndege au mlingoti, ambacho mtoto anaweza kukibonyeza bila kujua. Baadhi hukihitaji kibonyezwe pamoja na Fn. Vya zamani vina swichi ndogo ya kusogeza ubavuni. Angalia kote kabla ya kusema kadi imeungua.

Pili, angalia tarehe na saa. Tovuti salama, zile ambazo anwani zake huanza na https, hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kipakatalishi hulinganisha tarehe hizo na saa yake chenyewe. Saa ikisema ni mwaka 2019, cheti kilichotolewa mwaka huu huonekana kama hakijaanza kutumika, na kivinjari hukataa kuifungua tovuti kikidai muunganisho si salama. Wi-Fi ni nzima, kampuni iko sawa, lakini karibu kila tovuti inagoma.

Kasoro hii hutokea sana kwa vipakatalishi vilivyotumika. Ndani ya vingi mna betri ndogo, mara nyingi yenye umbo la sarafu, inayoifanya saa iendelee kutembea mashine ikiwa imezimwa. Betri hiyo ikifa, saa hurudi nyuma kila umeme unapokatika kabisa. Bonyeza saa iliyo pembeni mwa skrini kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kurekebisha tarehe na saa, weka tarehe sahihi na ukanda wa saa wa Nairobi, kisha ufunge kivinjari na kukifungua tena. Betri yenyewe inaweza kubadilishwa baadaye, bila haraka.

Tatu, kama uliwahi kuweka programu ya VPN, izime na ujaribu tena.

Nne, angalia draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya Wi-Fi. Fungua "Device Manager" na utazame orodha ya vifaa vya mtandao. Mshale unaoelekea chini una maana kwamba kadi imezimwa, na inaweza kuwashwa hapo hapo. Pembetatu ya njano ina maana kwamba draiva ina kasoro. Kadi isipoonekana hata baada ya kuzima na kuwasha mashine, hapo ndipo dai la fundi kwamba imeharibika linaanza kuwa na uzito.

Je, utapakuaje draiva bila intaneti? Unganisha simu na kipakatalishi kwa kebo ya USB ya kuchajia, kisha uwashe kwenye simu sehemu ya kushiriki intaneti kwa USB. Kipakatalishi kitapata intaneti kupitia kebo, hata kama kadi ya Wi-Fi imekufa kabisa. Kwa aliye na siku ya mwisho usiku huo, njia hii inaweza kumwokoa: amalize kazi kwanza, ukarabati ungoje.

Hatua ya mwisho ni "Network reset", iliyo kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows. Hurudisha mipangilio yote ya mtandao kama ilivyokuwa mashine ikiwa mpya, lakini pia hufuta manenosiri yote ya Wi-Fi yaliyohifadhiwa. Yaandike kando kabla ya kuibonyeza.

Kwenye Wi-Fi ya umma

Mpango wa serikali ya kitaifa ni kuweka Wi-Fi ya umma katika maeneo 25,000 nchini, yakiwemo masoko. Wi-Fi nyingi za umma hutaka ukubali masharti au uandike nambari kabla ya kuruhusiwa. Ukurasa huo ukikosa kujitokeza, utaona umeunganishwa lakini hupati kitu. Zima VPN, fungua kivinjari na uandike neverssl.com. Tovuti hiyo haitumii https, kwa hivyo ukurasa wa kuingia hupata nafasi ya kujitokeza.

Tahadhari: mtu yeyote anaweza kuipa hotspoti yake jina linalofanana na la ofisi au mkahawa. Muulize mhudumu jina kamili. Kivinjari kikikuonya kuhusu usalama huku saa yako ikiwa sahihi, usibonyeze kuendelea wala usiandike nenosiri la benki au la eCitizen. Na hakuna ukurasa halali wa Wi-Fi utakaokuuliza PIN ya M-Pesa.

Ukienda kwa fundi

Mafundi wazuri wapo, na mteja aliyepima huwarahisishia kazi. Mweleze matokeo ya vipimo vitatu, omba akuonyeshe kasoro kwenye skrini, na mkubaliane bei kabla ya mashine kufunguliwa. Uliza pia kama kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB kitatosha, kwa kuwa hakihitaji kufungua mashine. Nakili faili zako kwanza, na usimwachie fundi manenosiri ya KRA, benki au baruapepe.

Usiku wa tarehe 30 Juni

Sasa rudi kwa mama wa duka la nafaka. Mwanawe anazima data na kujaribu simu kwa Wi-Fi: inashika. Ruta na kampuni ziko sawa. Wanaunganisha kipakatalishi na hotspoti: kinakataa vile vile. Tatizo liko ndani ya mashine. Lakini kama kadi ingekuwa imeungua, isingeweza kuunganishwa na Wi-Fi wala hotspoti, na hapa imeunganishwa na zote mbili. Kwa hivyo kadi ni nzima.

Mara hii mama anausoma ule ujumbe wa kivinjari badala ya kuufunga. Unasema saa ya kompyuta iko nyuma. Wanaangalia pembeni mwa skrini na kukuta mashine inaishi mwaka 2019. Wanarekebisha tarehe, wanafungua kivinjari upya, na ukurasa wa iTax unatokea. Haijafika saa tatu, na hajatumia hata shilingi moja.

Zoezi la kujipima

1. Jina la Wi-Fi yako limetoweka kwenye simu na kwenye kipakatalishi kwa pamoja. Uanzie wapi?
2. Wi-Fi inaonekana kwenye simu na kwenye kipakatalishi, lakini hakuna kinachofungua tovuti, na taa ya LOS ni nyekundu. Je, ubadilishe nenosiri?
3. Kipakatalishi kinashika sebuleni lakini si chumbani, na simu ni hivyo hivyo. Kimeharibika?

Majibu: 1. Anzia kwenye ruta. Angalia stima na tokeni. 2. La, kagua kebo ya faiba, kisha upige simu kwa kampuni. 3. La, ni umbali au kuta. Hamisha ruta au utumie bendi ya GHz 2.4.

Kata ukurasa huu uubandike karibu na ruta. Siku Wi-Fi itakapogoma, huenda usiweze kuutafuta mtandaoni.